Visu Vyangu vya Mfukoni, na Kile Kilichonikunjikia Mkononi

Vijana wangu wa mifugo, nimewasoma. Tangu Jumatatu mnabishana kwenye kundi letu la simu juu ya kisu gani cha kukunja kinafaa kukaa mfukoni mwa mtu wa kazi yetu, na leo ni Alhamisi, hajatokea hata mmoja wa kuniuliza mimi niliyetembea na kisu mfukoni tangu siku ya kwanza kazini hadi siku ya kustaafu. Mmetumiana picha. Mmetumiana bei. Mmetumiana video ya mwanaume mwenye misuli anayekata chupa ya maji katikati kwa pigo moja, mkaijazia vile vimoto vyenu chini yake. Nami nimekaa hapa Milanzi na miwani yangu, najiuliza ni ng'ombe gani wa Ufipa anayeugua chupa ya maji.

Aliyenichokoza zaidi ni Fredi. Fredi, usinune, nakutaja kwa sababu nakupenda. Jumapili alipita nyumbani baada ya misa, akaniamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, kisha kabla hajakaa akapandisha shati kunionyesha kiunoni. Kisu cheusi tii, kimebanwa kwenye mkanda kwa kibanio, kina picha ya fuvu la kichwa kwenye mpini, na mgongoni kina meno ya msumeno.

"Mama, hiki ni cha makomando," akasema.

"Makomando wa wapi?"

"Wa majuu huko."

"Wanachanja ndama?"

Akacheka. Akabonyeza kitufe, kisu kikaruka chenyewe, kuku wangu wakatawanyika. Nikamwambia basi, komando, nifungulie hilo gunia la pumba. Jamani! Yale meno yalinasa kwenye nyuzi za gunia, akavuta, gunia likaja na kisu, kisu kikaja na gunia, wakazunguka uani kama watu wanaogombana. Mwisho aliinama akafungua uzi kwa meno yake mwenyewe. Kuku wakala. Kisu kikarudi kiunoni, na Fredi akaniomba nisimwambie mtu, ndiyo maana nawaambia.

Kwa ambaye hanifahamu vizuri, mimi nilikuwa bwana mifugo. Ndiyo, bwana. Wakati naanza, wazee wa vijijini hawakuwa na jina jingine la kazi hiyo, na waliponiona nimeshuka kwenye pikipiki na sketi yangu chini ya koti, walifikiri kidogo, wakaniita bwana mifugo hivyo hivyo. Wengine waliongeza heshima, wakasema bwana mifugo mama. Nilizoea. Koti lenyewe lilishonwa kwa mwanaume mwenye mabega ya kubeba magunia, na mifuko yake ilinifika magotini, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya kwa mshahara wangu kilikuwa kumpelekea fundi cherehani anishonee mfuko mdogo upande wa kulia, wa kitambaa cha turubai, wa kisu tu. Kumbukeni hilo kabla hamjanunua chochote. Mnashindana visu, na suruali zenu zina mifuko ya kitambaa cha shuka. Kisu kizito kitautoboa mfuko huo kwa mwezi mmoja, kitakuangukia kwenye kinyesi cha ng'ombe, na utakiinua mbele ya watu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Kipeta, mtu mfupi, mkavu, ambaye hakuongea mpaka uwe umekosea. Kisu chake kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona. Mpini wa mti, mweusi kwa jasho, bapa limenolewa miaka mingi mpaka limebaki jembamba, na shingoni kilikuwa na pete ya chuma. Ukikifungua unazungusha ile pete, na bapa haliwezi kurudi mpaka uizungushe tena. Basi. Hakikuwa na kitu kingine. Nilikidharau tangu siku ya kwanza, na nafikiri alijua.

Siku moja tulikuwa kijiji kimoja huko njia ya kwenda Laela, tumepasua jipu kwenye bega la dume, usaha umetoka wa kujaza kopo. Baada ya hapo wenyeji wakatuletea maparachichi. Mimi nikakifuta kisu kilekile kwenye majani, huku na huku, nikapasua parachichi langu, nikaanza kula. Bwana Kipeta akanitazama mpaka nimemaliza nusu.

"Umeosha?" akauliza.

"Nimefuta."

"Haya. Endelea."

Lake alilipasua kwa mikono. Siku tatu zilizofuata sikutoka nyumbani, na sitaeleza zaidi kwa sababu baadhi yenu mnasoma mnakula. Tangu hapo nilibeba viwili: cha wanyama mfuko wa kulia, na kidogo cha bei ya chini, cha matunda, kwenye mkoba. Sasa naona kuna kijana kwenye kundi, sitamtaja, anasifia kisu chake kwamba asubuhi kinatoboa jipu na mchana kinamenya embe. Mwanangu, kwenu wanajua?

Mnauliza kisu kipi ni bora. Nawajibu nilivyojibiwa na maumivu, maana duka halitawaambia.

Kwanza kufuli. Kisu cha kukunja ambacho bapa lake halijifungi likishanyooka ni cha kukatia uzi na kusafishia kucha. Muuzaji atakuambia springi yake ni ngumu, mama, haiwezi kurudi. Mwambie akikunjue, kisha wewe vua kiatu, piga mgongo wa kisu kwenye soli, kwa nguvu, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Kikijikunja, mrudishie, mwambie asante. Nilifanya hivyo kwenye duka moja la vifaa pale mjini, la kijana wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuwepo tangu sijazaliwa, na visu saba vikajikunja kimoja baada ya kingine juu ya kaunta yake. Alinitazama, akavua kanzu yake ya upole, akasema, "Mama, sasa mimi niuze nini?" Cha nane kilikuwa cha mpini wa mti chenye pete, kilikuwa chini kabisa ya boksi, kina vumbi. Hicho ndicho nilichomalizia nacho utumishi wangu.

Pili, kifunguke kwa mkono mmoja, na mkono huo uwe umekufa ganzi. Ninyi mnafanyia majaribio sebuleni. Nendeni mkafanye saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai kule juu, upepo wa Ufipa unakata masikio, mkono wa kushoto umeshika kamba ya dume ambaye hajakubali, halafu mtafute kwa ukucha kile kijifereji chembamba cha kuvutia bapa. Mtalifungua kwa machozi. Cha pete nacho kinahitaji kufundishwa. Nilikipaka mafuta kwenye kiungo na kukikunjua kila jioni nikiangalia taarifa ya habari mpaka kikalainika, nikawa nakifungua kwa dole gumba peke yake.

Na mafuta yawe ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda, yanashika vumbi na manyoya, na baada ya wiki mbili kiungo kinakuwa kama kimepakwa gundi. Najua kwa sababu nilifanya.

Rangi nayo. Mbona vyote mnavyovipenda ni vyeusi? Cheusi ni cha mtu anayejificha, na wewe unamficha nani, ndama? Nimepoteza visu vitatu kwenye nyasi, vyote vya rangi ya kiume. Cha nne nilikifunga utepe mwekundu wa nywele za binti yangu, wenzangu wakanicheka ofisini mpaka siku walipokuja kukiazima. Na kile kibanio cha kuning'iniza kisu mkandani, hebu pandeni nacho basi mkiwa mmebanana, mje mniambie abiria wa pembeni amesemaje. Polisi wa stendi wana macho pia. Kisu cha kazi hakihitaji watazamaji.

Nilikaa Kirando, kando ya ziwa, miaka miwili, na huko nilijifunza kwamba hata kisu cha kukunja kilicho kizuri si cha kila mahali. Mama mmoja mwanika dagaa aliniomba nimwonyeshe changu. Akakijaribu kwenye samaki mmoja mkubwa, krr, krr, akanirudishia kimejaa magamba mpaka kwenye kiungo.

"Hiki ni cha kumenyea chungwa, bwana mifugo," akasema, akachukua chake kisichokunjika, bapa na mpini tu, akamaliza samaki wote nami bado natoa magamba. Nilikiosha changu kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Mwezi mmoja baadaye, niko kwenye ibada Sumbawanga mjini, kisu mfukoni, benchi zima likawa linasogea taratibu upande wa pili, na mimi nasogea nalo nikidhani tunapeana nafasi.

Sasa nawaambia juu ya kisu chekundu. Nimezunguka makusudi kabla ya kufika hapa.

Wakati nina miaka minne kazini, alikuja mtaalamu mgeni wa mradi fulani, akatufundisha wiki nzima mjini, na siku ya kuondoka akanizawadia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu darasani, kisu cha kukunja chekundu kinachong'aa. Kilikuwa na vitu kumi na vinne. Bapa kubwa, bapa dogo, mkasi, kifungulia kopo, kizibuo cha chupa, tupa ya kucha, kijiti cha meno, na vingine ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa vya nini. Nilikuwa sina chupa ya kuzibua, lakini nilikuwa na kizibuo. Nilikionyesha kila kijiji. Wazee walikipokea kwa mikono miwili, wakakifungua kimoja kimoja wakihesabu, na mimi nilisimama pembeni nimejaa fahari, kama vile nilikitengeneza mimi.

Bwana Kipeta alikishika mara moja tu. Akalikunjua bapa kubwa, akalisukuma mgongoni kwa kidole, likajikunja.

"Hakina kufuli," akasema.

"Lakini kina mkasi," nikamjibu.

Akanirudishia. Mwezi uliofuata alihamishwa, akaniachia eneo lote peke yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa na masikio ya mapambo.

Ilikuwa mvua za kwanza, majira ambayo Ufipa nzima inatazama juu asubuhi na kutazama chini jioni. Mzee Sichalwe alikuja nyumbani kwangu kwa baiskeli mapema asubuhi. Alikuwa mkulima mwenye maksai wawili, Waziri na Katibu, aliowafundisha mwenyewe kuvuta plau, na kwa hao wawili alikuwa analima shamba lake, la mama yake, na la wajane wawili wa ukoo wake. Alipofika mlangoni akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kama ilivyo adabu kwetu. Nami nikapiga. Akauliza nyumba imeamkaje. Nikasema salama. Akauliza watoto, akauliza wazazi wangu, mmoja mmoja, akauliza kazi, akanipa pole kwa mvua iliyochelewa. Nikauliza na mimi, kwao, wote. Nikampa uji. Akaunywa mpaka chini, akanishukuru, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha, akitazama pembeni kidogo ili asinishtue, akasema:

"Kule nyumbani, Waziri amevimba kidogo."

Vijana, wengi wenu si wa huku, kwa hiyo lishikeni neno hilo. Mfipa wa adabu akikuambia kidogo, panda pikipiki papo hapo na habari zingine mtaongea njiani. Mimi ni Mfipa, nilijua, na bado nilikuwa nimemaliza salamu zote pamoja naye bila kuruka hata shangazi. Haraka haraka haina baraka, tunasema, na tumbo la ng'ombe halijui methali.

Trokaa ya ofisi, lile bomba la chuma lenye ncha tunalotobolea tumbo lililojaa gesi, ilikuwa moja tu. Ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa umeenda msibani Namanyere na mtunza stoo. Nikasema haidhuru, nina kisu changu. Nilisema hivyo kwa sauti, nikigonga mfuko.

Tulipofika, Waziri alikuwa amesimama miguu imeachana, ulimi nje, na ubavu wa kushoto umepanda juu kuliko uti wa mgongo. Ukiugonga kwa kidole ulilia kama ngoma. Mke wa mzee akaeleza: jana walimpa ndoo nzima ya pumba apate nguvu za kulima, alfajiri wakamfungulia kwenye majani machanga yenye umande. Walikuwa wamemfunga kijiti mdomoni ili acheue, wamemnywesha mafuta ya kupikia, na hakucheua.

Pembeni, chini ya ukingo wa paa, alikaa Mzee Salum, mchinjaji wa kijiji, ambaye jirani alikuwa amemwita. Alikuwa na kisu kirefu kwenye ala ya ngozi, na jiwe la kunolea magotini. Alisimama akanisalimu kwa heshima.

"Bwana mifugo," akasema, "mimi nipo tu. Ikishindikana, niambieni mapema. Akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi."

Alikuwa na haki. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila aliyesimama pale uani. Ng'ombe akipona, familia nne zitalima. Akichinjwa angali hai, hawatalima kwa plau, lakini nyama itauzwa na Mzee Sichalwe ataanza kutafuta dume jingine. Akifa, anakosa vyote viwili. Na aliyetakiwa kusema ni njia ipi alikuwa mimi, mwenye koti la serikali.

"Binti yangu, utaweza?" Mzee Sichalwe akaniuliza.

Ningeweza kusema ukweli: sina trokaa, sijawahi kufanya hili peke yangu, nimemwona Bwana Kipeta akilifanya mara mbili. Nikasema, "Naweza."

Mahali pa kutoboa nilipajua, na ninyi mnapajua kwenye karatasi. Ubavu wa kushoto, kati ya mfupa wa mwisho wa mbavu na mfupa wa nyonga, pale uvimbe ulipopanda juu zaidi, ukielekeza ncha chini na mbele, upande wa kiwiko cha mguu wa kulia. Nilikuwa nimetoa ganda la kalamu la kuweka kwenye tundu ili hewa iendelee kutoka. Nikalikunjua bapa kubwa la kisu chekundu. Nilikivuta kijifereji kwa ukucha, na watu wote wakasogea kukitazama kinavyong'aa. Nikayaona macho yale, nikayafurahia hata. Nikapiga.

Ngozi ya maksai mzima si parachichi. Ncha iliingia kidogo, ikakwama, Waziri akaruka pembeni, na bapa likajikunja likarudi kwenye mpini na vidole vyangu vikiwa katikati. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia kitu kimekatika kama uzi, nikatazama, kidole cha shahada kinaning'inia upande ambao si wake.

Mke wa mzee akanishika, akachana kitenge chake, akaanza kunifunga. Mzee Salum akawa amesimama, kisu nje ya ala.

"Mzee, nichinje?"

Mzee Sichalwe akanitazama mimi. Hakumtazama Salum, wala ng'ombe wake. Na mimi, damu inadondoka kwenye koti, nikasema:

"Subirini kidogo. Namalizia."

Mnakumbuka neno kidogo? Nami nililitumia.

Nikakichukua kisu kwa mkono wa kushoto. Mikono ilikuwa inateleza, ukucha hauvuti, nikavuta kwa meno, kikafunguka. Kilifunguka mkasi. Nikaurudisha, nikavuta tena. Kizibuo. Nawaambia ninyi mnaosifia visu vya vitu kumi na vinne: siku moja mtahitaji kimoja, na vile kumi na vitatu vitakuja kwanza. Mzee Salum akasema, kwa upole kabisa, "Bwana mifugo, chukua changu, utoboe." Nikamwambia ngoja. Nikamwambia ngoja, mtu aliyekuwa na kisu bora kuliko vyote katika kijiji kile, kwa sababu kilikuwa chake na si changu.

Waziri akapiga magoti ya mbele. Kisha akalala upande, akanyoosha shingo. Salum alikimbia, akapiga bismillahi akiwa njiani, lakini alipoinama kumshika pembe alibaki ameinama hivyo hivyo. Akamgusa jicho kwa kidole. Halikupepesa. Akainuka, akakifuta kisu chake ambacho kilikuwa safi, akakirudisha kwenye ala.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo sijalimeza mpaka leo. Mke wa mzee alimaliza kunifunga mkono. Baadaye nilimuuliza mzee kwa nini hakumwambia Salum achinje, naye akanijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua:

"Mgeni wa serikali amesema tusubiri. Ningemwambia mwingine achinje mbele yako, ningekuvunjia heshima nyumbani kwangu."

Na kazi yangu ilikuwa bado. Kibudu hakiliwi, na sheria ya kusema hivyo nilikuwa nayo mimi. Watu walikuwa wameanza kusogea na masufuria, njaa ya majira ya kulima mnaijua, na nilisimama mbele yao na kitenge cha mama wa nyumba kikiwa kimelowa damu mkononi, nikatamka kwamba Waziri azikwe. Mzee Sichalwe akasema sawa. Majembe waliyokuwa wameyatoa kwa ajili ya shamba yalichimba shimo. Katibu alikuwa amefungwa palepale, nira iko chini mbele yake, nafasi moja tupu. Nilimuuliza mzee atafanyaje.

"Tutalima kwa mkono," akasema. "Tulilima kwa mkono zamani." Alisema tulilima, akajumlisha na mimi, ili nisijisikie vibaya.

Walilima kwa mkono. Nilipita mwezi uliofuata nikawaona, yeye, mkewe na wale wajane wawili, na sehemu kubwa ya shamba ilibaki nyasi mwaka ule. Nilipompata Bwana Kipeta, nikamweleza, nikamwonyesha kidole kilichokataa kukunjika tangu siku hiyo. Hakukitazama. Aliuliza, "Na yule Salum alikuwepo muda wote?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kunoa kisu chake kibaya.

Kwa hiyo, Fredi na wenzako, nunueni chenye kufuli, chenye mpini unaoonekana kwenye nyasi, kinachofunguka kwa mkono mmoja, na mshoneshe mfuko. Lakini siku mtakaposimama mbele ya mnyama wa mtu na jibu ni kwamba hamuwezi, semeni hamuwezi, tena semeni mapema, maana katika uwanja ule aliyeweza kutamka "chinja" bila kumwaibisha yeyote alikuwa mmoja tu, na alikuwa anahangaika na mkasi.

Siku ile nilipotaka kuondoka, Mzee Sichalwe alinizuia. Akamkamata kuku, tetea mwekundu, mkubwa, wa mayai, akasema ni wa asante kwa kutusumbukia. Nikakataa. Akasema kukataa ni kuwasusia. Nikapokea. Akamfunga miguu kwa kamba ya katani, kamba ikawa ndefu, akatazama huku na huku, kisha akaniomba kwa adabu nimwazime kisu. Mkewe alikuwa amekwisha kukiosha na kukikausha, akakileta juu ya sahani. Mzee akalivuta bapa kwa ukucha, taratibu, likafunguka mara ya kwanza. Akakata kamba. Akalifuta bapa kwenye suruali, akalikunja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kisu kizuri hiki, bwana mifugo," akasema. "Kinakata kamba vizuri sana."

Nikamtazama usoni nione kama ananicheka. Hakuwa ananicheka. Nikamweka kuku chini, nikachuchumaa, nikapiga makofi kwa mkono mmoja na nusu, nikamshukuru.